Zile Fremu Nane za Kwanza: Kusoma Matokeo ya Snuka Ukiwa Mombasa

Usiku wa Jumatatu, tarehe 5 Mei 2025, Zhao Xintong wa China alimshinda Mark Williams wa Wales fremu 18 kwa 12 (fremu ni mchezo mmoja mzima, kisha mipira hupangwa upya) katika ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, akawa Mwasia wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa snuka. Huku kwetu matokeo yalifika kwa mkato kama kawaida: majina mawili na tarakimu mbili. Mpenzi wa kandanda huona pengo la sita akasema mchezo ulikuwa wa upande mmoja. Mcheza pool husema Williams alipambana hadi fremu ya 30, kwa hiyo ulikuwa mkali. Kila mmoja ana haki yake kidogo, lakini fainali ya snuka haisomwi hivyo. Husomwa kwa vipindi.

Fainali ya dunia huwania fremu 18, yaani wa kwanza kufikisha 18 hushinda na zote zinaweza kufika 35, na huchezwa kwa siku mbili katika vipindi vinne: fremu 8, kisha 9, kisha 8, kisha zilizobaki. Zhao alitoka kipindi cha kwanza akiwa mbele 7–1. Kipindi cha pili Williams alikishinda 5–4, na wakaenda kulala 11–6. Kesho yake mchana Zhao akachukua fremu 6 kati ya 8, ikawa 17–8. Usiku Williams akashinda nne mfululizo, 17–12, kabla Zhao hajafunga hesabu. Sasa toa kile kipindi cha kwanza, uhesabu kilichobaki: 11 kwa 11. Tangu Jumapili jioni hadi mwisho, walikwenda sare kabisa. Pengo lote la ile 18–12 lilizaliwa katika fremu nane za mwanzo.

Hapo lazima mtu awe mwangalifu. Sare ile ya 11–11 haimaanishi kwamba walilingana nguvu muda wote. Zile nne mfululizo za Williams zilikuja wakati Zhao anahitaji fremu moja tu, na mtu anayehitaji moja huanza kuchagua mipira, mkono ukawa mzito, ilhali anayefukuza hana cha kupoteza. Kwa maoni yangu kipindi kilichomnyima Williams njia ya kurudi ni kile cha mchana wa pili. Alikianza akiwa nyuma kwa tano, jambo linalovumilika kwenye mchezo mrefu namna ile, akatoka nyuma kwa tisa.

Swali linalofuata ni kwa nini mtu mwenye ubingwa wa 2000, 2003 na 2018 alianza fainali kwa kulemewa vile. Jibu kubwa limo kwenye matokeo ya siku za nyuma, na ndiyo maana ninasisitiza kwamba usisome fainali peke yake. Katika robo fainali Williams alimtoa John Higgins 13–12, fremu ya mwisho kabisa. Katika nusu fainali alimtoa Judd Trump 17–14. Jumlisha: fremu 56 katika mechi mbili. Zhao kwa upande wake alimshinda Chris Wakelin 13–5 na Ronnie O'Sullivan 17–7, jumla fremu 42. Tofauti ni fremu 14, karibu vipindi viwili vizima vya kuinama, kulenga na kukaa kwenye kiti ukimtazama mwenzako. Williams alikuwa na miaka 50, mkubwa kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kufika fainali pale Crucible. Mechi ya Zhao na O'Sullivan haikuhitaji hata kipindi cha nne: walikuwa 4–4, kisha Zhao akashinda kipindi cha pili chote, fremu nane kwa sifuri, ikawa 12–4. Mtu aliyefuata vipindi vile viwili kwa makini hakushangazwa na ile 7–1.

Pale Crucible, mechi iliyomkaribia Zhao zaidi ni ile ya raundi ya pili, 13–10 dhidi ya Lei Peifan, Mchina mwenzake, ambaye raundi ya kwanza alimng'oa bingwa mtetezi Kyren Wilson 10–9. Watu wengi waliruka mstari huo. Mimi nadhani ndio mgumu kuliko yote kwenye njia ya bingwa.

Sasa urefu wa mechi wenyewe. Pale Crucible raundi ya kwanza huwania fremu 10, ya pili na robo fainali 13, nusu fainali 17, fainali 18. Ukijumlisha, bingwa yeyote hana budi kushinda fremu 71 ndani ya siku 17. Mashindano mengine ya viwango, yaani yanayohesabiwa kwenye orodha ya wachezaji wa dunia, hayafiki huko. Ubingwa wa Uingereza pale York huwania 6 hadi kwenye nusu fainali, na fainali 10. Mashindano ya mataifa manne ya kule, Wales, Scotland, England na Ireland Kaskazini, huanza kwa kuwania fremu 4 tu. Mechi ya kuwania nne ni kama mechi ya pool ya mtaani: mtu anaweza kupata mikono (zamu za kupiga) miwili mizuri, mwenzake akakaa kitini, mambo yakaisha kabla kahawa haijapoa. Kwa hiyo ukiona jina kubwa limetolewa 4–2 siku ya Jumanne asubuhi, usitangaze kwamba limekwisha. Ukiliona limetolewa 13–5, hapo kuna habari.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa 2023. Luca Brecel wa Ubelgiji alikuwa nyuma 14–5 dhidi ya Si Jiahui katika nusu fainali. Akashinda fremu 11 mfululizo, akamaliza 17–15, na baadaye akamshinda Mark Selby 18–15 kuwa bingwa. Kwenye mechi ya kuwania sita, Brecel angekuwa uwanja wa ndege zamani. Urefu ndio uliompa nafasi ya kuamka.

Wachezaji wetu wa pool, kuanzia Likoni hadi Kisauni, wamezoea mashindano ya kuwania mbili au tatu, maana meza ni moja na watu ni wengi. Hakuna ubaya. Lakini anayeandaa mashindano na anataka kweli kumjua mchezaji bora, apunguze watu kwa mchujo wa kuwania tatu, kisha nusu fainali ziwe za kuwania saba na fainali tisa, ikiwezekana kwa vipindi viwili, mchana na usiku. Kinachoharibika mara nyingi ni kufanya kinyume: raundi za mwanzo zinapewa muda mwingi, saa tano usiku inafika, mwenye ukumbi anataka kufunga, fainali inakatwa ikawa ya kuwania mbili. Zawadi kubwa inaamuliwa na bahati.

Turudi kwenye karatasi ya matokeo. Chini ya 18–12 huwa kuna orodha ya pointi za kila fremu, na hapo ndipo mchezo wenyewe unapoonekana. Ukikuta 74–8 (66), maana yake mshindi alipata pointi 74, na kati ya hizo 66 zilitoka mkono mmoja bila kukosa. Hiyo ndiyo breki. Kwa kawaida huandikwa breki za kuanzia 50 tu, na ikifika 100 inaitwa senchuri. Ukikuta 68–55 bila mabano yoyote, jua fremu ile ilikuwa ya kubanana: kila mtu alitumbukiza kidogo, akaficha mpira, akarudisha mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, kwenye ukingo wa nyuma. Mechi yenye fremu nyingi za namna hiyo huchosha kuliko mechi yenye senchuri sita. Ndiyo maana 10–8 mbili zinaweza kuwa na uzito tofauti kabisa.

Hesabu ya lazima kwa anayefuatilia moja kwa moja kwenye simu ni hii: zidisha mipira myekundu iliyobaki kwa 8, ongeza 27. Nane ni mwekundu mmoja na mweusi wa pointi 7. 27 ni rangi sita za mwisho, manjano 2, kijani 3, kahawia 4, buluu 5, waridi 6, mweusi 7. Mwanzo wa fremu ni myekundu 15, kwa hiyo 120 na 27, ndiyo ile 147 maarufu. Ikibaki myekundu mitatu, mezani kuna 51. Ikiwa mtu yuko nyuma kwa 59, mipira yote haimtoshi. Anahitaji makosa ya mpinzani. Kosa la chini ni pointi 4, la juu 7. Akipata makosa mawili ya pointi nne na kusafisha meza kwa ukamilifu, amefika sare tu, na hapo mweusi hurudishwa mahali pake, atakayeutumbukiza amechukua fremu. Mgeni wa mchezo huona mtu anaendelea kucheza akiwa nyuma kwa 59 akadhani anapoteza muda. Anatafuta pa kumfungia mwenzake njia ili ashindwe kugonga kwanza mpira anaotakiwa kuugonga. Katika fremu ambayo bado hakuna anayehitaji makosa ya mwenzake, refa akiona juhudi haikutosha hutangaza kosa, na mpinzani akitaka mipira hurudishwa ilipokuwa, na mpigaji hurudia. Mtu anayeuona wazi wote mpira anaotakiwa kuugonga, akashindwa kuugusa mara tatu mfululizo, hupoteza fremu nzima.

Orodha ya viwango ndiyo sehemu ambayo watu wengi hawaielewi, na ndiyo inayoyapa mashindano uzito. Kuanzia msimu wa 2014/15, pointi ni pesa: pauni moja ya zawadi, pointi moja. Huhesabiwa kwa miaka miwili inayosogea. Mashindano yakichezwa mwaka huu, pesa za mashindano yaleyale ya miaka miwili nyuma huondolewa. Breki kubwa ina zawadi yake, lakini pesa hiyo haiingii kwenye orodha. Mashindano ya mwaliko nayo hayaingii: Masters ya London, yenye wachezaji 16, ni taji zito sana, lakini Shaun Murphy alipolichukua Januari 2025 hakuongeza hata pointi moja.

Bingwa wa dunia wa 2025 alipewa pauni 500,000, zaidi ya shilingi milioni 80 za Kenya kwa thamani ya wakati ule. Aliyeshindwa fainali 200,000, nusu fainali 100,000, robo fainali 50,000. Zhao aliingia mchujo akiwa mchezaji wa ridhaa, kwa sababu alikuwa ametoka kwenye adhabu ya miezi 20 iliyotokana na kesi ya upangaji wa matokeo na kamari, iliyokwisha Septemba 2024. Alishinda mechi nne za mchujo, kisha tano za Crucible, na hundi ile moja ikamweka nafasi ya 11 duniani msimu uliofuata ulipoanza. Nafasi ya 11 kwa mashindano mamoja! Wapo wanaolalamika kwamba mfumo huu unayapa mashindano mamoja uzito kupita kiasi, na nakubaliana nao nusu. Ni kweli kwamba mchezaji anaweza kufanya vizuri kidogo kidogo mwaka mzima akapitwa na mtu wa wiki mbili na nusu. Lakini wiki mbili na nusu hizo ni fremu 71, na hakuna anayezibahatisha.

Upande wa pili wa mfumo ni mchungu. Mei 2025 zile 500,000 za Brecel za mwaka 2023 ziliondolewa. Alikuwa amefika robo fainali, akatolewa na Trump 13–8, na robo fainali ile ilimpa 50,000. Kwa hiyo alicheza vizuri akapoteza 450,000 kwenye orodha kwa siku moja. Ukiona mchezaji ameporomoka ghafla bila kufungwa vibaya, tafuta alichoshinda miaka miwili iliyopita. Na si jina tu linaloshuka. Kumi na sita wa juu huingia Crucible moja kwa moja, waliobaki hupita kwenye mchujo. Na chini kabisa, msimu ukiisha, 64 wa kwanza hubaki na kadi zao za kucheza kulipwa. Aliye nje ya hapo na muda wa kadi yake umekwisha huanza upya. Mechi ya raundi ya kwanza kati ya watu wawili usiowajua, 4–3 Jumatatu asubuhi, inaweza kuwa ya riziki ya mtu.

Kuna jambo moja la hapa kwetu. Mashindano ya dunia huchezwa Aprili na mwanzo wa Mei, wakati wa masika. Watu huona breki za 130 kwenye skrini, wakaingia kwenye meza ya klabu wakiwa na hamu, na meza iko katika hali mbaya kuliko miezi yote. Meza za wataalamu hupashwa moto chini ya bamba la jiwe linalobeba kitambaa ili kitambaa kikae kikavu na mpira uende mbali kwa nguvu kidogo. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu wa bahari. Kitambaa hunywa unyevu huo, mipira huenda kwa uzito, mpira unaotaka kufika ukingo wa juu hufia njiani. Mchezaji huongeza nguvu, na nguvu ndiyo inayomharibia, maana midomo ya mifuko ya snuka imeviringwa na huurudisha mpira uliopigwa kwa kasi hata ukigusa ukingo kidogo. Mcheza pool aliyezoea meza ya futi 7 hukutana na meza ya futi 12 kwa 6, mipira ya milimita 52.5, na kitambaa chenye vinyweleo vinavyolala upande mmoja. Ukipiga pole kuelekea mfuko wa kati, mpira huvutwa kuelekea upande wa mweusi. Lenga kidogo upande wa mstari wa nyuma (ule wa upande wa kuanzia fremu, mkabala na upande wa mweusi), uache vinyweleo viulete.

Anayetunza meza hapa anahitaji nidhamu ya kila siku. Piga brashi kwanza, kwa mistari iliyonyooka, kutoka upande wa mstari wa nyuma hadi upande wa mweusi, usirudi nyuma hata mara moja, kwa sababu ukirudi unasimamisha vinyweleo na mpira utayumba. Kisha pasi, mwelekeo uleule, bila kusimama popote. Jaribu joto lake kwanza juu ya karatasi nyeupe, ikigeuka rangi subiri. Pasi ya nyumbani yenye mvuke haifai kabisa, inaongeza maji uliyokuwa unayatoa. Ukimaliza funika kwa kitambaa, si karatasi ya plastiki, maana plastiki hufungia unyevu chini yake usiku kucha. Chaki iwekwe kwenye kikopo chenye kifuniko: ikipata unyevu inaganda kwenye ncha ya fimbo, vumbi lake linashika mpira, na mipira miwili inapogongana inaruka badala ya kuviringika. Kwa hiyo breki ya 40 kwenye meza ya Mombasa mwezi wa Mei ni kazi ya heshima, na asiyeifikia asijipime na Judd Trump.

Kwa anayetaka kufuata moja kwa moja, saa ni hizi. Wakati wa mashindano ya dunia Uingereza iko nyuma yetu kwa saa mbili. Kipindi cha asubuhi cha Crucible kwetu huanza saa sita mchana, cha mchana saa kumi na nusu, na cha usiku saa tatu, watu wameshaswali isha na kula. Cha saa kumi na nusu hukatwa na magharibi, na mara nyingi ndicho chenye fremu za kuamua, kwa hiyo ni bora uangalie matokeo ya kipindi kabla ya kuuliza tarakimu ya jumla. Siku mbili za fainali kipindi cha kwanza huanza saa tisa alasiri. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Uingereza hurudisha saa nyuma, na tofauti huwa saa tatu. Ubingwa wa York, mwishoni mwa Novemba na mwanzo wa Desemba, huangukia humo, kwa hiyo kipindi chake cha usiku kwetu ni saa nne, na fainali ya kuwania kumi ikienda hadi fremu ya 19 itakukuta macho baada ya saa saba usiku.